Mhusika Mhindi aongee vipi jukwaani?

Mwalimu wa Kibuye aliuliza:

Hamjambo wapenzi wa jukwaa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mlezi wa chama cha drama. Ninaandika tamthilia ya takriban nusu saa ambayo yote inatokea ndani ya duka la vitambaa, katika barabara ambayo siku hizi tunaiita Oginga Odinga, kati ya Januari na Machi mwaka 1968. Wenye umri wataukumbuka msimu ule. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ilikuwa imewabana wafanyabiashara wasio raia, Waasia wenye pasipoti za Uingereza wakawa wanajaza ndege za London, na Bunge la Uingereza likawafungia mlango kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi. Wahusika wangu ni Jayanti, mwenye duka, mkewe, mamake, ambaye ni nadra kushuka kutoka ghorofani, watoto wawili, mkubwa akiwa Hansa, na Okoth, ambaye amefanya kazi dukani humo kwa miaka kumi na tisa.

Hadithi ninayo. Nisichonacho ni ulimi wa Jayanti. Mwaka jana tulipeleka mchezo mfupi wa kuchekesha kwenye ukumbi mmoja wa mjini, na ndani yake alikuwamo mwenye duka. Kijana aliyeigiza alibandika masharubu ya pamba, akatikisa kichwa na kusema, "Veve nataka nini? Mimi toa bei zuri kwa veve," na watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, tena sana. Tulipokuwa tukikunja vitambaa vya jukwaani, msichana mmoja wa Kidato cha Pili, wa familia ya Kihindi na mzaliwa wa hapa hapa, ambaye Dholuo (lugha ya Waluo) chake kinanishinda mimi niliyetoka Mumias, alinijia akaniuliza bila hasira yoyote: "Mwalimu, hilo duka liko wapi? Maana mimi sijawahi kuliona."

Nasikia kuwa huko Uingereza na kwingineko wapo waandishi wa tamthilia wenye asili ya Bara Hindi ambao wamehangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Walilitatua vipi? Je, niifute lafudhi kabisa na kumfanya Jayanti aongee Kiswahili sanifu kama mtangazaji wa redio, au kuna njia nyingine?

Pazia la Nakuru alijibu:

Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Nimeelekeza michezo ya jukwaani kwa muda mrefu kiasi kwamba masharubu hayo ya pamba ninayafahamu, na ninakiri kuwa nimewahi kuyanunua mimi mwenyewe.

Nianze na mtu ambaye maisha yake yanapitia katikati ya tamthilia yako. Jatinder Verma alizaliwa Dar es Salaam, akalelewa Nairobi, na mwaka ule ule wa 1968, akiwa mvulana, akahamia Uingereza katika wimbi hilo unaloliandika. Mnamo Juni 1976 kijana wa Kisikh wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa Southall, magharibi mwa London, katika shambulio la ubaguzi wa rangi. Verma na wenzake waliguswa na kifo hicho, na mwaka uliofuata wakaanzisha kundi la Tara Arts, wakiingia jukwaani kwa mchezo wa Tagore, mwandishi wa Kibengali. Kwa hiyo moja ya makundi ya kwanza ya kitaalamu ya Waasia wa Uingereza lilianzishwa na mtoto wa Afrika Mashariki, jambo ambalo huku kwetu hatulisemi vya kutosha.

Swali lako la ulimi, Verma alilipa jina. Aliita Binglish lugha ya maonyesho yake, akimaanisha Kiingereza ambacho kimekaa na lugha nyingine nyumba moja hadi kikaanza kutembea kwa mwendo wao. Zingatia kwamba hakikuwa Kiingereza kibovu. Mtu anayeharibu lugha hajui anakokwenda, ilhali mwigizaji wa Tara alijua fika ni wapi aingize neno la Kipunjabi au la Kiurdu na kwa nini aliingize pale. Mwaka 1990 Verma aliingia National Theatre ya London, akawa mwelekezi wa kwanza mwenye asili ya Asia kufanya kazi pale, akiwa na mchezo wa Molière alioupeleka katika India ya wafalme wa Kimughal. Mfaransa wa karne ya 17 aliwekwa mikononi mwa waigizaji wa Kiasia mbele ya hadhira ya Kiingereza, na aliyekuwa na funguo za mzaha alikuwa yule aliyesimama jukwaani.

Sasa ninapotofautiana na wale watakaokuambia uifute lafudhi. Mwaka 1996 kundi la Tamasha, ambalo mmoja wa waasisi wake wawili, Sudha Bhuchar, alizaliwa Tanzania, lilitoa East is East ya Ayub Khan-Din. Baba wa nyumba ile ni Mpakistani mwenye duka la samaki na chipsi huko Salford, aliyeoa Mwingereza. Kiingereza chake kimevunjika, na watu wanacheka. Lakini watoto wake wote wanaongea Kisalford kama jirani yeyote, kwa hiyo yeye peke yake ndiye mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kadiri anavyowakosa kwa maneno, ndivyo anavyowafuata kwa mkono, na kicheko kinaanza kukwama kooni. Hapo lafudhi imefanya kazi ambayo hotuba ya kurasa mbili isingeifanya.

Ushauri wangu basi ni kwamba lafudhi uigawe, usiifute. Jiulize nani katika nyumba ile alikwenda shule, nani alikaa kaunta, nani hakutoka, halafu kila mmoja mpe Kiswahili alichokipata. Ikiwa Jayanti, mamake na Hansa wataongea namna moja, utakuwa umeandika Mhindi mmoja aliyevaa nguo tatu.

Mhakiki wa Kakamega alijibu:

Nakubaliana na mzee wa Nakuru, ila tusifanye kana kwamba mjadala huu ulizaliwa London. Kuldip Sondhi, mhandisi aliyeishi Mombasa, alikuwa akiandika tamthilia fupi katika miaka ya 1960, na Undesignated yake ilichapishwa mwaka 1968 pamoja na tamthilia nyingine fupi za Afrika Mashariki. Humo anashughulikia ofisi ya serikali wakati wa uhuru, Mwafrika na Mwasia wakiwa wanatazama cheo kimoja. Sondhi aliandika kwa Kiingereza, kwa hiyo hakulazimika kujibu swali la mwalimu kuhusu Kiswahili. Wewe huna pa kukimbilia.

Nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, ikiwa unakusudia kuipeleka kwenye tamasha la shule, kumbuka kwamba inaingia katika kitengo cha Kiswahili. Mwamuzi akisikia Dholuo na Kigujarati vikipishana kila baada ya sentensi mbili, utakatwa alama, uwe na nia nzuri kiasi gani. Pili, mji wenu ni mdogo. Mnamo Desemba 2004 mchezo wa Gurpreet Kaur Bhatti, Behzti, ulisimamishwa mjini Birmingham baada ya waandamanaji wa Kisikh kuuzingira ukumbi, kwa kuwa uliweka ubakaji na mauaji ndani ya gurdwara, yaani hekalu la Kisikh. Mwandishi huyo alikuwa Msikh mwenyewe, tena katika jiji la watu milioni moja. Wewe unaandika kuhusu barabara moja, ambapo kila duka la vitambaa la mwaka 1968 lina mjukuu anayeweza kusema, "Huyo ni babu yangu."

Binti wa Duka alijibu:

Mwalimu, mimi ndiye mjukuu huyo anayetajwa na Mhakiki, au angalau mmoja wao. Duka letu halikuwa la vitambaa tu, lilikuwa pia na sufuria na taa za karabai, na lilifungwa zamani. Sitaandamana.

Yule msichana wako amesema kweli, ingawa si kweli yote. Kiswahili kilichovunjika kilikuwapo nyumbani kwetu, ila hakikuwa kaunta. Babangu, aliyeshinda kaunta tangu utotoni, aliongea Kiswahili kama chako, na alipotaka kupatana bei na mama aliyetoka Kano, karibu na Kisumu, alihamia Dholuo bila yeye mwenyewe kujua kuwa amehama. Aliyevunja Kiswahili alikuwa bibi. Kwake ngeli zote zilikuwa moja: "hii mtu", "hii maji", "hii ngazi". Sababu ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiongea naye Kiswahili zaidi ya kumwagiza. Dholuo chake, kwa upande mwingine, kilikuwa kizuri kuliko cha babangu, na hilo ndilo wageni hushindwa kuliamini. Wanawake waliouza mboga walipitia mlango wa nyuma, wakaketi kwenye kizingiti, na kwa miaka thelathini wakazungumza na bibi kuhusu watoto, miguu inayouma na waume. Kwa hiyo, Pazia la Nakuru anaposema ugawe lafudhi, tafadhali usigawe kwa kudhani kuwa mzee ndiye asiyejua lugha ya mahali. Wakati mwingine anaijua kupitia mlango ambao mume wake hajawahi kuutumia.

Na ukitaka watu wacheke, kuna kicheko ambacho hakihitaji masharubu. Katika Kigujarati, *dada* ni babu mzaa baba. *Kaka* ni baba mdogo. *Mama* ni mjomba. Mtoto wa nyumba ile anaishi katikati ya maneno haya na yale ya Kiswahili, na anajua bila kufikiri ni lini *mama* ni aliyemzaa na ni lini ni yule anayekuja Jumapili na peremende mfukoni. Tulikuwa na fundi wa cherehani kutoka Yala, aliyeketi kwenye veranda yetu. Mteja akisikia mtoto akipaza sauti, "Dada amelala, usipige kelele," na kuanza kumtafuta msichana aliyelala, fundi alikuwa akijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mshono, "Dada wa hapa ana miaka sabini na nne." Huo ni mzaha wa nyumba nzima, na aliyeubeba alikuwa Mluo.

Jambo moja zuri kuhusu lugha, kwa ajili ya mwamuzi anayeogopwa huko Kakamega: Kiswahili chenyewe kina Uhindi mwingi kiasi kwamba Jayanti anaweza kuongea sanifu na bado akasikika nyumbani. *Gari, pesa, laki, bima, embe, cheti, kachumbari*: mfungulie mdomo tu.

Hata hivyo, usitufanye malaika kwa kuogopa kutukosea. Okoth wako wa miaka kumi na tisa pengine aliitwa *boy* akiwa na wajukuu. Kikombe chake kilikaa kwenye rafu yake peke yake. Hilo liandike. Liandike pamoja na rula ya yadi ya shaba iliyopigiliwa ukingoni mwa kaunta, iliyolika katikati kwa vidole vya watu wawili, tajiri na mfanyakazi wake, waliopima kitambaa juu yake kwa zamu tangu asubuhi hadi jioni.

Sababu ya mimi kuandika kwa kirefu ni hii. Mwaka 2018 Vinay Patel alipeleka An Adventure katika ukumbi wa Bush, London, akichota katika maisha ya babu na bibi yake: wawili wanaoana India, wanakwenda Kenya, wanaishia Uingereza. Ni kazi ya mtu mwenye moyo mpana. Lakini tazama ramani yake, kama ya nyingine nyingi zinazoandikwa huko. Kenya ni stesheni. Treni inasimama, watu wanateremka kunywa chai, mambo makubwa yanatokea, kisha firimbi inalia. Aliyetukaribia zaidi ni Shailja Patel, Mkenya, ambaye katika Migritude alisimama peke yake jukwaani na sanduku la sari alizowekewa na mamake, akaanza kulifungua. Sisi ambao treni ilituacha hapa, tukaja kuambiwa mwaka 2017 kwamba tumekuwa kabila la 44 la Kenya, bado tunangoja tamthilia yetu. Ikiwa itatoka kwa mwalimu kutoka Mumias, mimi sioni tatizo.

Pazia la Nakuru alijibu:

Dada (kwa maana ya Kiswahili), nimenyamazishwa. Ninaongeza mawili tu ya kiufundi.

Kuhusu mwamuzi: hakuna haja ya Dholuo na Kigujarati kupishana kila mara. Neno moja lililowekwa mahali pake linatosha, mradi maana yake ijulikane kutokana na kitendo. Okoth akinyoosha mkono na Jayanti akampa mkasi, hadhira imekwisha kuelewa neno lililosemwa, liwe la lugha gani. Tafsiri ya papo kwa papo, ambapo mhusika husema jambo kwa Kigujarati halafu akalirudia kwa Kiswahili kwa faida yetu, ndiyo inayoua mchezo. Nyumbani hakuna anayejitafsiri.

Kuhusu waigizaji: wanafunzi wako wengi watakaoigiza familia hiyo ni Waluo na Waluhya. Waache na nyuso zao. Hakuna poda, hakuna pamba. Hadhira ya Kisumu ikiambiwa katika dakika ya kwanza kwamba huyu ni Jayanti, itakubali, kama inavyokubali kuwa sanduku la mbao ni ziwa. Yule msichana wa Kidato cha Pili, ukimwita, mwite kwa sababu anaweza kuigiza. Usimgeuze kuwa shahidi wa jamii yake mbele ya wenzake.

Mwalimu wa Kibuye aliandika tena:

Ahsanteni nyote. Imenichukua majuma mawili kurudi hapa kwa sababu nilitupa kurasa kumi na moja.

Msichana nilimpa mswada mpya. Alisema atausoma kwanza ndipo aseme kama anataka nafasi, na akaurudisha na masahihisho ya Dholuo kwa kalamu nyekundu, mistari ambayo nilidhani nimeipatia. Jayanti sasa anaongea Kiswahili safi na kidogo cha kujionyesha, hasa anapozungumza na afisa wa leseni. Rula ya shaba ipo, nimeifanya kuwa kitu cha kwanza kinachoangaziwa taa. Kikombe cha Okoth pia kipo, na hakuna anayekizungumzia mpaka mwisho.

Naweka hapa kipande cha onyesho la tatu, ili mnikosoe. Ni mwishoni mwa Februari. Okoth anampimia mteja kitambaa. Bibi yuko juu ya ngazi, haonekani, anasikika tu.

HANSA: *(akiingia mbio kutoka barabarani)* Mama amefika! Mama amefika kutoka Kampala!

MTEJA: *(akimwangalia mke wa Jayanti, aliye pale pale)* Si mama huyu hapa?

OKOTH: *(bila kuacha kupima)* Huyo ni mamake. Mama anayekuja ana masharubu.

*(Mteja anacheka. Hansa anacheka. Mjomba anaingia na vumbi la safari, hacheki. Anaweka bahasha juu ya rula.)*

HANSA: Mama ameleta tiketi.

OKOTH: Ngapi?

MJOMBA: Nne. Hata hizo nimezipata kwa kupiga magoti.

*(Kimya. Okoth anakunja kitambaa ambacho hakijalipiwa. Juu ya ngazi, sauti ya Bibi inahesabu polepole.)*

BIBI: Ek… be… tran… char…

Hapo ndipo nimekwama. Watu wa nyumba ile ni watano. Binti wa Duka, nisaidie: je, bibi angelitamka la tano, *panch*, au angenyamaza na kuiacha hadhira ihesabu yenyewe?

Binti wa Duka alijibu:

Angelitamka, mwalimu, ila si kwa Kigujarati, kwa maana wanaoelewa Kigujarati mle ndani wote wana tiketi. Mshushe ngazi mbili, aonekane miguu tu, amtazame Okoth na kusema tano kwa Dholuo: "Abich."